Watano Jukwaani, Mwenyewe Hayupo

Mwaka 1966 mpiga saksafoni Wayne Shorter alirekodi wimbo wake "Footprints" mara mbili. Februari aliurekodi na bendi yake mwenyewe, kwa ajili ya albamu ya Adam's Apple. Oktoba akaurekodi tena akiwa kwenye bendi ya Miles Davis, ukatoka mwaka uliofuata katika albamu ya Miles Smiles. Mtunzi ni yule yule, saksafoni ni yake yeye yule, na hata mpiga piano, Herbie Hancock, hakubadilika. Lakini zisikilize moja baada ya nyingine, utadhani umebadilishiwa wimbo. Ya Februari inatembea taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani jioni bila haraka. Ya Oktoba inakwenda mbio, mdundo unageuka chini ya miguu ya wapulizaji, na mpiga dramu, Tony Williams, ambaye miaka 21 alikuwa bado hajaitimiza, anapiga kana kwamba ana nyimbo tatu kichwani kwa wakati mmoja.

Naanza na habari hiyo kwa sababu Miles Davis alizaliwa Mei 26, 1926, na karne yake inatimia mwaka 2026. Kwa mwaka wa namna hiyo, ni nadra klabu ya jazi kukosa japo usiku mmoja wa kumuenzi. Tuseme nawe umeliona tangazo na tiketi umekata: kwinteti yenye uzoefu, yaani bendi ya watu watano waliokwishapiga pamoja kwa miaka mingi, itapiga kazi za kwinteti ya Miles ya miaka ya 60. Seti ni mbili, ya kwanza saa mbili usiku, ya pili saa nne. "Footprints" bila shaka itakuwamo. Je, watapiga ile ya Februari au ile ya Oktoba?

Jibu langu, baada ya miaka ya kuusikiliza na kuufundisha muziki huu, ni kwamba wakiwa wazuri hawatapiga hata moja kati ya hizo mbili. Naomba nieleze kwa nini, maana anayeingia klabuni bila kulijua hilo huweza kukaa saa nzima akisubiri kitu kisichokuja, huku kilichokuja kikimpita.

Jazi yetu na jazi yao

Neno jazi tunalijua tangu zamani. Tulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz; kule Kongo ikazaliwa OK Jazz ya kina Franco mwaka 1956. Hizo zilikuwa bendi za dansi. Zilipiga rumba, cha-cha na midundo ya nyumbani, gitaa likiongoza, waimbaji mbele, watu wakijaa ukumbini kucheza. "Jazz" kwenye jina la bendi ilimaanisha muziki wa kisasa unaopigwa kwa ala za kisasa. Jazi ya kina Miles ilishika njia nyingine. Kufikia miaka ya 60 ilikuwa muziki wa kukaa na kusikiliza, mara nyingi bila mwimbaji. Wimbo uliotungwa ulikuwa mlango tu. Chakula chenyewe kilipikwa pale pale jukwaani, kila usiku upya.

Na kuenzi pia tunakujua. Tunazo zilipendwa. Anayekwenda kusikiliza zilipendwa anataka wimbo wa Mbaraka Mwinshehe ukae kama alivyouacha. Gitaa la kuanzia likibadilishwa, wazee hugeuka kumtazama mpigaji, na wana haki. Wimbo ule una maneno, una kisa, una harusi na misiba ya watu ndani yake. Kuupiga ulivyo ni kuwatunzia watu kumbukumbu zao. Kipimo hicho ni sahihi mahali pake. Ukikibeba hadi klabu ya jazi, kitakupotosha.

Watano na kazi ya kila mmoja

Kwinteti ninayoizungumzia ilikamilika mwaka 1964 na ikadumu hadi 1968. Miles alipuliza tarumbeta, Wayne Shorter saksafoni, Herbie Hancock alikaa kwenye piano, Ron Carter alishika besi kubwa ya kusimama, na Tony Williams alipiga dramu. Mwaka ule walipokamilika, Miles alikuwa na miaka 38 na Tony 18. Mzee wa bendi alikuwa na umri wa kutosha kuwa baba wa mpiga dramu wake, na kwa kauli yake mwenyewe, vijana wale walimfundisha kama alivyowafundisha.

Mwendo wa nyimbo zao nyingi ni huu. Wapulizaji wawili huanza kwa kupiga melodia pamoja. Kisha mmoja anabaki mbele kwa solo, anabuni melodia yake papo hapo, huku watatu wa nyuma wakilishikilia umbo la wimbo. Umbo hilo ndilo uti wa mgongo. "Footprints" ni blues yenye vipimo 12, na kila kipimo kina mapigo sita. Vipimo 12 vikiisha vinaanza upya, tena na tena, mpaka wimbo ufungwe. Mpiga solo yuko huru kwenda atakako, mradi ajue yuko kipimo cha ngapi. Wote watano wanajua. Hata pale wanapoonekana wametawanyika kama kuku walioona mwewe, kila mmoja anahesabu kimoyomoyo. Solo zikimalizika, melodia inarudi.

Kuna zoezi ninalowapa wanafunzi wangu, nawe lijaribu. Melodia ikipigwa mwanzoni, ishike kichwani. Solo ya kwanza ikianza, endelea kuiimba moyoni chini ya kile unachokisikia. Mara mbili tatu utapotea. Ghafla utaona kwamba mpiga saksafoni amegusa kipande cha melodia ile ile mahali pake, akakigeuza, akakiacha. Tangu dakika hiyo husikii tena kelele za watu watano. Unasikia mazungumzo.

Mambo ya kutazama kwa karibu

Uzuri wa klabu ni ukaribu. Village Vanguard ya New York iko chini ya ardhi, pale Seventh Avenue South, tangu mwaka 1935. Unashuka ngazi 15 na kuingia chumba chenye umbo la pembetatu, kinachochukua watu 123 tu. Katika chumba kama hicho unasikia pumzi ya mpulizaji kabla hujaisikia noti yake. Kwa hiyo tumia na macho.

Mtazame mpiga tarumbeta anapoinama kuchukua kifaa kidogo cha alumini kilicho miguuni pake. Ni kizibo kiitwacho Harmon, na huingizwa kwenye kinywa cha tarumbeta. Kizibo hicho huja na kijibomba katikati. Miles alikuwa akikichomoa kijibomba hicho, kisha akaisogeza tarumbeta karibu kabisa na maikrofoni. Sauti ikawa nyembamba, yenye pumzi nyingi, kama siri inayosemwa sikioni. Leo mtu yeyote akipuliza hivyo, watu husema hapo hapo: Miles. Ndiyo maana kizibo hicho ni mtihani kwa anayemuenzi. Kukitia ni rahisi. Kazi ni kuwa na siri yako ya kusema baada ya kukitia.

Kwenye piano, tazama mkono wa kushoto. Herbie amesimulia mara nyingi kwamba siku moja Miles alimwambia asipige noti za siagi. Herbie hakuelewa. Akawaza: siagi ni mafuta, na mafuta ni kile kinachonona upesi, kilicho dhahiri. Akaamua kuziacha zile noti zinazoitambulisha waziwazi kodi, yaani kundi la noti zinazopigwa kwa pamoja. Kodi zake zikabaki na nafasi ndani yake, na nafasi hiyo ikampa mpulizaji uhuru wa kuelekea huzuni au furaha bila kuvutwa. Mpiga piano mzuri wa kwinteti ya kumuenzi Miles utamjua kwa yale anayoyaacha. Kuna wakati ataondoa mikono kabisa, akakaa, akasikiliza. Hajapotea, anampisha mwenzake.

Besi na dramu visikilize pamoja, na hapa msikilizaji wa pwani yetu ana bahati. Aliyekulia Mombasa, Lamu au Unguja na chakacha masikioni, mwili wake unajua kuhesabu tatu na mbili kwa wakati mmoja, hata kama hajawahi kufundishwa. "Footprints" ya Oktoba imejengwa juu ya jambo hilo hilo. Ron Carter anashika besi ya mapigo sita, Tony anayahamisha kwa matoazi yakawa mapigo manne, na vyote viwili vinakwenda sambamba bila kugongana. Wengi waliozoea muziki wa mapigo manne tu huhangaika hapo. Wewe acha mguu wako uchague unachotaka kufuata.

Kisha kuna "Nefertiti", utunzi mwingine wa Wayne uliorekodiwa Juni 1967. Humo wapulizaji hawapigi solo hata moja. Wanairudia melodia ile ile mwanzo hadi mwisho, na wanaobuni ni watatu wa nyuma, Tony akiwa ndiye anayeungua moto zaidi. Jukwaa limegeuzwa juu chini: walio mbele wamekuwa msingi, walio nyuma wamekuwa wasemaji. Sasa bendi inayotaka kuukopi wimbo huo itakopi nini? Melodia itaipata kwa siku moja. Kilichoufanya wimbo uwe ni kile ambacho watu watatu walikiamua pale pale.

Waliokopi kila noti

Kuna waliojaribu kukopi kila kitu. Mwaka 2014 bendi ya New York iitwayo Mostly Other People Do the Killing ilitoa albamu ya Blue. Wanamuziki watano walichukua Kind of Blue ya Miles, ya mwaka 1959, wakaikariri noti kwa noti, solo zote, hata mikwaruzo ya dramu, wakairekodi upya. Waliifanya kazi hiyo kwa makusudi, ili watu wajiulize jazi ni nini hasa, na wapenzi wa muziki huu walibishana sana. Mimi naiheshimu kazi hiyo kwa kuwa ilinijibu swali. Bill Evans, aliyepiga piano kwenye rekodi ya 1959, aliandika kwamba Miles alikuja na michoro mifupi ya nyimbo aliyoiandaa saa chache tu kabla. Wale wa 1959 hawakujua solo ingeishia wapi. Wale wa 2014 walijua kila noti kabla ya kuingia studio. Noti ni zile zile, lakini kutokujua, ambako ndiko kulikozizaa, hakukopiki.

Waliokuwa na haki kuliko wote

Tuje kwa wale ambao, kama kuna watu wenye haki ya kukopi kwinteti ya Miles, ni wao. Mwaka 1975 Miles aliacha kupiga, na hakurudi hadi miaka ya 80 ilipoanza. Juni 1976 Herbie Hancock alipewa usiku wake katika tamasha la Newport, lililofanyika New York mwaka ule. Wayne, Ron na Tony wakapanda naye jukwaani. Tarumbeta alikabidhiwa Freddie Hubbard, mpulizaji wa sauti nene na yenye nguvu, asiyefanana na Miles kwa lolote. Bendi ikaitwa V.S.O.P., na mwaka 1977 ikazunguka na muziki huo. Wanne waliomjua Miles kuliko mtu yeyote hawakutafuta wa kumuigiza. Walimtafuta mtu mwenye kauli yake.

Miles alifariki Septemba 28, 1991. Mwaka 1992 wanne wale wale wakamchukua Wallace Roney, kijana wa Philadelphia, wakapita nchi mbalimbali kumkumbuka kiongozi wao. Roney alikuwa tofauti na Freddie. Sauti yake ilikaribiana mno na ya Miles, na hilo lilimletea lawama maisha yake yote. Lakini Roney alikuwa amelelewa na mzee mwenyewe. Julai 1991, kule Montreux, Uswisi, Miles akiwa na nguvu kidogo zilizobaki, Roney alisimama ubavuni pake chini ya uongozi wa Quincy Jones, wakapuliza pamoja. Lugha ile alirithishwa kama fundi anavyomrithisha mwanawe chombo cha kazi. Isikilize albamu ya A Tribute to Miles iliyotokana na safari hiyo, iliyoshinda Grammy mwaka 1995. Utasikia lafudhi ya Miles na sentensi za Roney. Wallace Roney alifariki Machi 31, 2020, kwa maradhi ya Covid-19.

Wapenzi wa Msondo Ngoma watalielewa hili haraka. Bendi ile ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na sura jukwaani zimebadilika mara nyingi. Waliokuja baadaye walijifunzia jukwaani, kando ya wazee, na hivyo kijiti hakikuanguka chini.

Uzoefu una kazi gani

Neno uzoefu kwenye tangazo hudhaniwa kuwa linamaanisha watu wasiokosea. Herbie anasimulia kisa cha Stuttgart, Ujerumani, miaka ya 60. Onyesho lilikuwa linakwenda vizuri, wamefika katikati ya "So What", Miles yuko kwenye solo. Herbie akapiga kodi ambayo haikuwa yake kabisa. Akajishika masikio. Miles akanyamaza kidogo tu, akavuta pumzi, kisha akapuliza noti zilizoifanya kodi ile iwe sahihi. Herbie anasema ilimchukua miaka kuelewa kilichotokea: yeye aliihukumu kodi yake, Miles hakuihukumu. Aliichukua kama jambo lililotokea, akafanya kazi nalo.

Huo ndio uzoefu unaolipiwa tiketi. Watu watano waliopiga pamoja miaka mingi huaminiana kiasi kwamba mmoja akiteleza, wanne wanageuza utelezi ule kuwa mwendo wa kucheza. Bendi changa ikiteleza hurudi haraka ilikotoka. Utawajua wazoefu kwa macho: wanatazamana wao kuliko wanavyotazama karatasi.

Na ukitaka kujua kwinteti yenyewe iliuchukuliaje urithi wake, kuna kanda za Plugged Nickel, klabu ya Chicago, za Desemba 22 na 23, 1965. Seti saba, karibu nyimbo zote ni zile za zamani ambazo watazamaji walizijua. Kabla ya hapo Tony alikuwa amewashawishi wenzake kwamba chochote kinachotarajiwa, wafanye kinyume chake. Pale wimbo ulipotaka kelele wakanong'ona. Pale watu waliposubiri kilele, wakauacha uyeyuke. Miles hakuwa ameambiwa habari ya mpango huo. Alisikia, akaingia nao. Nyimbo zake mwenyewe zikavunjwa mbele yake, naye akasaidia kuzivunja. Huyo ndiye mtu tunayemuenzi.

Kabla ya kwenda

Fika mapema ukae karibu na jukwaa, upande unaomwona mpiga dramu. Zima simu, klabu nyingi hukataza kupiga picha na kurekodi, na kwenye chumba kidogo mwanga wa simu moja huwasumbua watu wengi. Solo ikiisha, piga makofi hata kama wimbo unaendelea. Ndiyo adabu ya mahali pale, na mpulizaji anaitegemea. Besi ikibaki peke yake, nyamaza kabisa, maana hapo hata barafu kwenye glasi husikika. Ukiweza kulipia seti moja tu, chagua ya pili. Mara nyingi ndipo vidole vimepata moto na wapigaji wako tayari kuhatarisha zaidi.

Wimbo ukikushangaza, usihesabu kwamba wamekosea. Jiulize wamekwenda wapi, na nani aliyewapeleka. Wakipiga kila kitu kama kilivyo kwenye rekodi, bila kupungua wala kuzidi, basi rekodi unayo nyumbani, na tiketi hiyo umelipia bure.

Nakuomba ufanye jambo moja. Siku hiyo kabla ya kutoka, tenga dakika 17 hivi. Sikiliza "Footprints" ya Februari 1966, kisha ile ya Oktoba. Halafu vaa viatu, nenda kaisikilize ya tatu.